Mbali na Dawati: Ulinzi wa Familia na Watoto katika Delta ya Rufiji

Katika kata ya Maparoni, wilayani Kibiti, mkoani Pwani, umbali hupimwa kwa maji kuliko kwa kilomita. Kata hiyo, pamoja na jirani zake Kiongoroni, Mbuchi, Msala na Salale, imo ndani ya delta ya Mto Rufiji, yaani eneo ambako mto unapoikaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi inayozunguka visiwa vya matope, mashamba ya mpunga na msitu wa mikoko unaokadiriwa kufikia hekta 53,000, mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Anayetoka huko kwenda makao makuu ya wilaya hupanda mtumbwi au boti ya mashine hadi gati kama la Nyamisati, kisha hushika barabara ya Bungu ili kuipata barabara kuu ya Kilwa, na safari yote hutegemea kama maji yamejaa kiasi cha kupitisha chombo au yamekupwa na kuacha matope matupu. Hali hiyo, ambayo kwa kawaida huzungumzwa pale inapohusu bei ya samaki au usafiri wa wagonjwa, ndiyo pia inayoamua kwa sehemu kubwa kama mtoto aliyepigwa, aliyebakwa au aliyetelekezwa atapata msaada, kwa kuwa sheria na huduma za nchi zimejengwa juu ya dhana kwamba aliyedhurika anaweza kufika mahali fulani, ilhali katika delta ofisi ya kwanza ambayo mtu anaweza kuifikia ni jirani.

Ukatili wa kifamilia ni jina la jumla la vitendo vya kuumiza vinavyofanywa na watu waliounganishwa na ndoa, damu au malezi, na wataalamu huugawa katika ukatili wa kimwili kama kipigo, wa kingono kama kubaka na kulawiti, wa kisaikolojia kama vitisho na matusi ya kudumu, na wa kiuchumi kama kumnyima mke pato la jasho lake au kuwaacha watoto bila matunzo. Mgawanyo huu una manufaa kwa anayejaza fomu, lakini katika maisha ya kila siku vitendo hivyo huja vikiwa vimeshikana, kwa sababu mume anayeuza mpunga wote bila kumshirikisha mkewe mara nyingi ndiye huyo huyo anayempiga anapouliza, na mtoto anayeyaona yote hayo hudhurika hata kama hakuguswa. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba neno lenyewe halitumiki sana majumbani, ambako watu husema ugomvi wa ndani, mambo ya chumbani au adhabu, na kila jina kati ya hayo hubeba ndani yake hukumu kwamba mtu wa nje hana la kusema.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Utafiti huo ulifanyika mwaka 2009 na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, yakionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila kumi na mvulana mmoja kati ya kila saba hivi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wa jinsia zote mbili walikuwa wamepata kipigo cha aina fulani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 uliongeza upande wa pili wa picha, kwani wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walieleza kwamba wamepigwa au kuumizwa tangu walipofikia miaka 15. La kustaajabisha zaidi katika utafiti huo ni kwamba wanawake 58 kati ya 100, dhidi ya wanaume 40 kati ya 100, walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja miongoni mwa zilizotajwa, kama vile kubishana naye, kutoka bila kuaga au kutowatunza watoto. Takwimu hii hufasiriwa haraka kuwa ni ujinga wa wanawake, tafsiri ambayo haiwatendei haki, kwa maana mtu asiye na pa kwenda hujifunza kukubali asichoweza kukizuia, na Waswahili walikwisha kusema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

Takwimu za kitaifa, hata hivyo, hazionyeshi jambo ambalo kwa Rufiji lina uzito wa pekee, nalo ni msimu. Mkulima wa mpunga wa bonde na delta huishi katika nyumba mbili, moja kijijini na nyingine shambani, ambayo huitwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na mlinzi aone mbali. Sehemu ya mazoea haya ni ya kale, lakini yalipata sura yake ya sasa baada ya Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, pale serikali ilipowahamisha watu wa bondeni kufuatia mafuriko ya mwaka 1968 na kuwaweka katika vijiji vya nyanda za juu, huku mashamba yakibaki kule kule kwenye udongo wa mto. Katika delta yenyewe uhamisho huo haukufanyika kwa ukamilifu, lakini desturi ya kuhamia shambani ni ile ile, kwa sababu mpunga unapoanza kutoa mashuke lazima uamiwe, yaani ulindwe, mchana dhidi ya ndege na tumbili, na usiku dhidi ya nguruwe pori na viboko. Kuamia ni kazi ya familia nzima na huchukua wiki nyingi.

Hapo mzazi hukabiliwa na machaguo mawili, na yote yana hatari. Akimchukua mtoto kwenda naye dunguni, mtoto huyo huacha shule kwa kipindi kinachotosha kumfanya ashindwe mtihani, na hukaa porini miongoni mwa viboko na mamba. Akimwacha kijijini ili asome, mtoto hubaki na bibi mwenye nguvu chache, au na ndugu yake wa miaka 12 au 13 ambaye kwa miezi hiyo ndiye baba na ndiye mama, na wapo wanaojua vizuri ni nyumba zipi zimebaki bila mtu mzima. Upande wa wavuvi hali hufanana, kwa kuwa mwanamume huenda dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, akakaa huko kwa kufuata samaki na kamba, na aliobaki nyumbani hutegemea fedha itakayotumwa, ambayo wakati mwingine haitumwi. Mtu anayepanga kampeni ya ulinzi wa watoto bila kuijua kalenda hii anaweza kuja kutoa elimu katika wiki ambayo kijiji kina wazee na watoto peke yao, akaandika katika taarifa yake kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu kwa sababu jamii haina mwamko.

Mfumo rasmi ambao unapaswa kufika mpaka huko unaitwa kwa kifupi MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto. Awamu yake ya kwanza, iliyozinduliwa Desemba 2016 kwa ajili ya kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22, iliunganisha mipango kazi minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kivyake, ikaweka lengo la kupunguza ukatili kwa nusu, na awamu ya pili ikazinduliwa mwaka 2024. Kilicho muhimu kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba mpango huo ulianzisha Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na kwamba kamati ya kijiji hukusanya watu ambao tayari wanajulikana, kama vile mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya, viongozi wa dini, wazee na wawakilishi wa watoto wenyewe. Kazi yake ni kutambua kaya zenye hatari, kupokea taarifa, kuzipeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii au polisi, na kufuatilia kilichotokea baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huipa kamati hiyo mguu wa kusimamia, kwa sababu kifungu chake cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo hamtunzi mtoto wake, aitoe taarifa hiyo kwa serikali ya mtaa. Kwa maneno mengine, jirani anayenyamaza amekiuka wajibu wa kisheria, na yule anayeitwa mbea kwa kusema ametimiza wajibu huo.

Ugumu mkubwa wa kamati hizi hauko katika kuundwa kwake, maana kuunda kamati ni kazi ya mchana mmoja. Uko katika kushindana na chombo kingine cha kale zaidi ambacho hakina muhuri wala daftari, nacho ni kikao cha ukoo. Familia mbili zinapogundua kwamba kijana wa huku amemharibu binti wa kule, wazee huitana, hulaumiana, hukubaliana kiasi cha fedha au hukubaliana ndoa, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha, kwa mantiki ya funika kombe mwanaharamu apite. Ni kosa kukidharau kikao hicho. Kwa ugomvi wa matunzo, kwa mke na mume waliokwaruzana, kwa mtoto anayezurura, kikao cha ukoo hufanya kwa siku moja na bila gharama kazi ambayo mahakama ingeifanya kwa mwaka mzima, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe iliitambua busara hiyo kwa kuweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, yakiwemo ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ambayo shauri la talaka hupitia kabla ya kufika mahakamani. Tatizo huanza pale kikao kinapochukua jambo ambalo si mali yake. Kubaka, kulawiti, kujeruhi na kumpa mimba mwanafunzi ni makosa ya jinai, yaani makosa ambayo mlalamikaji wake ni Jamhuri, na mzazi hana mamlaka ya kuyasamehe kwa niaba ya mwanawe kama vile asivyoweza kuuza shamba la mtu mwingine. Mtoto ambaye kesi yake imemalizwa kindugu hubaki kumwona aliyemdhuru akipita mbele ya nyumba kila siku, na fedha iliyotolewa aghalabu haimfikii yeye.

Ni katika makosa ya aina hii ya pili kwamba maji ya delta huwa na maana ya kutisha. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa mtu aliyebakwa lazima zianze kutumiwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi, wakati vidonge vya dharura vya kuzuia mimba huwa na nafasi ya saa 120 hivi. Sasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mzunguko ukichukua zaidi kidogo ya saa 12, kwa hiyo saa 72 ni sawa na maji kujaa mara sita tu, na katika hizo sita baadhi huangukia usiku, na katika siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi sana kama wakati wa bamvua, vijito vyembamba huweza visipitike kwa chombo kikubwa hata yakijaa. Kikao cha ukoo kinachotumia siku mbili kutafakari kabla ya kuamua kama jambo lipelekwe mbele kimekwisha kutumia maji manne. Mama ambaye kwa aibu au kwa nia njema amemwogesha binti yake na kufua nguo zake, ameondoa ushahidi ambao daktari angeuandika katika PF3, ile fomu ya polisi inayompeleka majeruhi hospitalini na kurudi ikiwa na maelezo ya kitabibu. Ndiyo maana elimu yenye thamani kubwa kuliko zote katika mazingira haya pengine ni ile fupi kuliko zote, kwamba mtoto asiogeshwe, nguo zifungwe katika karatasi au kitambaa, apelekwe kwanza kwenye huduma ya afya kwa maji ya mwanzo yatakayopatikana, na kwamba mhudumu anayejua wajibu wake hutibu huku fomu ikitafutwa. Namba 116, ambayo ni Simu ya Mtoto inayopigwa bila malipo, husaidia kupata maelekezo palipo na mtandao, lakini haiwezi kusukuma mtumbwi.

Safari ya kesi haiishii hospitalini. Jeshi la Polisi limeanzisha katika vituo vyake Madawati ya Jinsia na Watoto, ambako askari waliofunzwa husikiliza mashauri haya faraghani badala ya kaunta ya wazi, na hilo ni badiliko kubwa kwa mtu anayekumbuka jinsi mwanamke alivyokuwa akiulizwa mbele ya umati alivaa nini. Hata hivyo dawati liko bara. Mashauri ya ubakaji hayasikilizwi na Mahakama ya Mwanzo bali huanzia Mahakama ya Wilaya, na mashahidi wa kutoka delta huhitaji nauli ya boti, nauli ya gari, chakula na mahali pa kulala, kisha kesi huahirishwa na safari huanza upya. Mashahidi wakikoma kuja, mashtaka hudhoofika na mshtakiwa hurudi kijijini, jambo ambalo wanakijiji hulitafsiri kuwa ni rushwa hata pale ambapo sababu ya kweli ilikuwa ni petroli ya boti.

Kwa upande wa wasichana, mjadala hauwezi kuepuka unyago. Miongoni mwa Wandengereko na Warufiji, kama ilivyo kwa jirani zao Wazaramo ambao mila zao ziliandikwa kwa kina na mtafiti Marja-Liisa Swantz, binti aliyevunja ungo huwekwa ndani akaitwa mwali, akafundishwa na kungwi mambo ya mwili, usafi, heshima na unyumba, kisha akatolewa kwa ngoma. Zamani kukaa ndani kulikuwa kwa muda mrefu na aghalabu kulimfikisha mwali kwenye ndoa, ila shule imeufupisha muda huo. Wanaharakati wa mjini huuona unyago kuwa ni adui na hutaka ufutwe, msimamo ambao una sababu zake lakini unakosea shabaha, kwani kungwi ni miongoni mwa watu wachache ambao msichana wa miaka 13 anaweza kuwaambia kwamba mjomba humgusa usiku. Mafunzo yanayomwandaa mtoto kuwa mke yanaweza kubadilishwa yakamwandaa kuutambua mwili wake na kukataa, na mtu pekee anayeweza kuyabadilisha bila kijiji kizima kuona kimevamiwa ni kungwi mwenyewe. Kamati ya ulinzi isiyo na kungwi ndani yake, kwa hali ya pwani, imejinyima sikio lake kubwa.

Sheria nayo imeacha mwanya hapa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mahakama ikiridhika hata akiwa na 14, huku mvulana akitakiwa awe na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba na ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo, na muda uliotolewa ulikwisha bila marekebisho kupitishwa. Wakati huo huo, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ili anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi aadhibiwe kifungo cha miaka 30, na Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Matokeo ya sheria hizi zinazovutana ni kwamba mtoto anayesoma ana ngao nzito kuliko mtoto wa umri ule ule aliyeacha shule, na kwa hiyo utoro wa msimu wa kuamia mpunga, ambao huonekana kuwa ni suala la mahudhurio tu, huwa ni hatua ya kwanza ya kumvua binti ngao hiyo. Mwalimu anayefuatilia kwa nini dawati limekuwa tupu kwa wiki mbili anafanya kazi ya ulinzi wa mtoto hata kama hakuna aliyemwita kwa jina hilo.

Fimbo ni suala ambalo hata wajumbe wa kamati wenyewe hawakubaliani. Mzazi wa pwani anayemchapa mwanawe hutaja samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia hulia yeye, methali ambazo hazitaji fimbo popote lakini zimekuwa zikisomwa kana kwamba zinaitaja. Sheria ya Mtoto inakataza adhabu ya kikatili na inayomdhalilisha mtoto bila kupiga marufuku kila aina ya adhabu ya kuadibu, na kanuni za shule bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa katika kitabu. Kusema kweli, ni vigumu kumshawishi baba aache kabisa kitu ambacho serikali inakipima kwa idadi, na mafunzo ya malezi hufanikiwa zaidi yanapoanza na mambo ya kawaida, kama vile kumweleza mtoto kosa lake kabla ya adhabu, kutomwadhibu wakati mzazi ana hasira, na kumpa kazi badala ya kipigo, kuliko yanapoanza na mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Kwamba tabia za jamii nzima zinaweza kubadilika si ndoto. Mfano uliopimwa vizuri zaidi Afrika Mashariki unatoka Kampala, ambako shirika la Raising Voices na mwenzake CEDOVIP waliendesha programu iitwayo SASA!, jina lililochukuliwa kutoka Kiswahili, katika mitaa minane iliyogawanywa ili minne iipate programu mapema na minne isubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa iliyoshiriki, wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa mingine. Siri yake haikuwa mabango. Wanaharakati walikuwa majirani wa kawaida, wake kwa waume, waliozungumza vijiweni, sokoni na kwenye mikusanyiko midogo kwa takriban miaka mitatu, na badala ya kuanza na neno ukatili au haki walianza na neno nguvu, wakiuliza nani ana nguvu juu ya nani nyumbani na kila mtu anajisikiaje anapotumiwa nguvu. Mwanamume anayekataa kuitwa mkatili hukubali kirahisi kuzungumzia siku ambayo bosi au askari alimdhalilisha, na kutoka hapo mazungumzo huweza kufika chumbani. Mwanza nako, shirika la Kivulini, lililoanzishwa mwaka 1999, limefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, na utafiti uliofanyika katika mji huo huo kwa vikundi vya wanawake wakopaji, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mafunzo ya mahusiano yakiongezwa kwenye mikopo hupunguza kipigo.

Maparoni si Kampala, na kijiwe cha bodaboda hakiwezi kuhamishiwa kwenye mkono wa mto. Lakini delta ina vijiwe vyake, kama vile gati wakati watu wanasubiri maji yajae, mahali pa kushonea nyavu, baraza la msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na vikao vya VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wanawake hukutana humo kila wiki bila kuhitaji ruhusa ya ziada. Saa mbili za kungojea maji ni muda ambao hakuna mwezeshaji wa semina anayeweza kuununua. Imamu naye ana uzito usiolingana na wa afisa yeyote, kwa kuwa anaposema mimbarini kwamba kumtelekeza mtoto ni dhambi na kwamba mume hana ruhusa ya kuumiza, husikilizwa na wanaume ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano wa maendeleo ya jamii, na maneno yake yanakubaliana na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, kinachotamka tangu mwaka 1971 kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Uzito huo huo unadai kwamba madrasa, ambako watoto hukaa na mtu mzima mmoja kwa saa nyingi, iwe chini ya jicho la kamati kama ilivyo shule.

Mtu anayeyatazama haya kwa haki hawezi pia kusahau kile ambacho Kibiti ilipitia. Katika mwaka 2016 na 2017 wenyeviti, watendaji na viongozi wengine wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa siku moja, hadi serikali ikaanzisha Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye mlango wa kwanza wa malalamiko ya nyumbani, na mlango huo hauwezi kufunguliwa kwa ujasiri na mtu anayehofia kugongewa usiku. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti na kuharibu mashamba na makazi, yaliongeza jeraha la aina nyingine, kwa kuwa kaya iliyopoteza mpunga wa mwaka mzima huingia katika msimu unaofuata ikiwa na madeni, na katika kaya yenye madeni binti wa miaka 15 huanza kutazamwa kama mdomo mmoja wa kupunguza.

Ndiyo sababu kipimo cha kamati ya kijiji katika delta ni vitu vidogo ambavyo huamuliwa kabla ya tukio, wala si idadi ya mikutano. Kipimo cha kwanza ni orodha ya nyumba zitakazobaki na watoto peke yao msimu wa kuhamia shambani utakapofika, pamoja na jina la mtu mzima atakayezipitia kila jioni, desturi ambayo kijiji kinaweza kuianzisha bila mfadhili na ambayo wahenga waliieleza waliposema mkono mmoja haulei mwana. Kingine ni mafuta ya boti, yaani fedha ya safari moja ya dharura inayowekwa kando kutoka mfuko wa kijiji au wa kikundi, pamoja na nahodha aliyekubali mapema kwamba ataamshwa usiku.

Kitu kigumu zaidi ni mahali pa kulala. Mtoto anayelalamika dhidi ya baba wa kambo, mjomba au kaka hawezi kurudishwa nyumba ile ile kusubiri maji, na nyumba ya mtendaji haifai kila wakati, hasa kijiji kikiwa kidogo na mtuhumiwa akiwa ndugu wa kila mtu. Utaratibu wa ustawi wa jamii nchini unatambua familia za kuaminika, yaani kaya zilizochunguzwa na kuandaliwa kumpokea mtoto kwa siku chache akiwa salama, na katika delta kaya kama hiyo, yenye mama mtu mzima, mlango unaofungika na chandarua cha ziada, ina thamani kubwa zaidi kwa saa kumi au kumi na mbili za mwanzo kuliko jengo lolote lililoko upande wa pili wa mto, kwa kuwa katika saa hizo ndipo jamaa huja kubisha hodi wakiomba jambo lizungumzwe kwanza, na ndipo mama wa nyumba hiyo huwajibu kwamba mtoto amelala, na alfajiri maji yatakuwa yamejaa.